Mabati Yamepakiwa, Paka Yuko Wapi?

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, Tanzania, watu huhama sana. Ikivuma kwamba maduara ya Nyarugusu au Mgusu yameanza kutoa mawe mazuri, ndani ya wiki chache panachipuka makazi mazima: fito, turubai, mabati, mama ntilie, kibanda cha kuchaji simu. Mawe yakikata au maji yakijaa shimoni, mabati hung'olewa moja baada ya jingine, hufungwa kamba na kupakiwa kwenye Fuso pamoja na magodoro, madumu na kuku waliomo kwenye tenga, na safari huanza kuelekea Katoro, Masumbwe au Kahama. Kuku wamehesabiwa. Mbwa amekwishapandishwa juu ya mizigo. Paka, mara nyingi mno, anabaki.

Hubaki kwa kuwa asubuhi ile hakuonekana na hakuna aliyekuwa na muda wa kumtafuta. Hubaki pia kwa kuwa watu wengi wanaamini kwamba mbwa ni wa mtu na paka ni wa nyumba, hivyo kumchukua ni kazi bure. Imani hii ina ukweli ndani yake na sitaki kuibeza. Ila kambini inakutana na swali gumu: nyumba yenyewe ikishapandishwa kwenye Fuso, paka aliyeachwa kwenye kiwanja kitupu ni wa nani?

Kwa miaka mia moja hivi watafiti wa nchi mbalimbali wamelichunguza jambo hili, kila mmoja kwa upande wake. Ukiyaweka pamoja waliyoyapata unaona kwamba paka ameshikamana na mambo matatu: eneo analolijua kwa moyo, harufu alizozipaka mwenyewe, na watu anaowategemea. Kuta na paa havimo. Kati ya hayo matatu, eneo peke yake ndilo lisilobebeka. Harufu hubebeka na watu wapo njiani, kwa hiyo anayehama na paka ana sehemu kubwa ya anachokihitaji tayari mikononi mwake.

Chanzo cha tabia hizi bado kinatembea usiku kwenye vichaka na ngitili (malisho yaliyohifadhiwa) za Shinyanga. Ni kimburu, paka wa mwituni mwenye miguu mirefu na mistari iliyofifia, ambaye ukimwona akivuka njia unaweza kudhani ni paka wa jirani. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa vinasaba vya paka 979, wa majumbani na wa mwituni, na ukaonyesha kwamba paka wote wa kufugwa duniani wanatokana na ukoo huo wa paka wa mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati. Kimburu huwinda peke yake. Hana kundi la kumlisha siku akikosa. Anachokitegemea ni kuijua ardhi yake: shimo gani lina panya, kichaka gani kina nyoka, wapi pa kukimbilia. Kumtoa kwenye ardhi hiyo ni kumwondolea ujuzi wote wa kuishi kwa mkupuo mmoja. Paka wako wa Ngokolo mjini Shinyanga au Kalangalala mjini Geita amerithi akili hiyo, hata kama chakula chake ni dagaa wa kupewa.

Lakini ukoo huohuo una historia ndefu ya kuhama na watu. Mwaka 2004 Jean-Denis Vigne na wenzake walieleza kaburi walilolifukua katika kisiwa cha Kupro, lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Kupro haikuwa na paka wa asili. Yule paka, au wazazi wake, walivushwa bahari ndani ya chombo pamoja na nafaka na mifugo. Kuhama na paka, basi, kulianza kabla ya maandishi, kabla ya chuma, kabla hata ya farao wa kwanza. Anayesema paka hahamishiki anapingana na kaburi hilo.

Hebu tuanze na eneo, maana ndilo linalowashinda wengi. Mwaka 2021 Saho Takagi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walichapisha jaribio ambalo naliona kuwa zuri kuliko yote niliyoyasoma kuhusu paka. Walimweka paka chumbani, wakampigia sauti ya mtu anayemfuga kutoka spika iliyokuwa sehemu moja, kisha punde tu sauti ileile ikatoka spika nyingine iliyokuwa mbali na ile ya kwanza, kwa kasi ambayo binadamu asingeweza kuifikia kwa miguu. Paka alishtuka: masikio yaligeuka, macho yakatafuta. Sauti ilipotoka mahali palepale, hakujali. Maana yake ni kwamba hata anapoonekana amejilaza bila habari, kichwani ameweka alama ya mahali ulipo. Anaishi ndani ya ramani, na wewe umo ndani yake.

Ramani hiyo kwa kawaida si kubwa. Roland Kays wa Marekani na wenzake waliwavisha paka 925 wa nchi 6 vifaa vya GPS, wakachapisha matokeo mwaka 2020: kwa wastani paka alitumia eneo la hekta 3.6, na wengi hawakwenda zaidi ya meta mia moja hivi kutoka nyumbani. Ni kama ua wa shule moja ya msingi. Ndani ya hapo paka anajua kila kitu.

Hata hivyo uwezo wake wa kurudi unavuka mbali mipaka hiyo. Mwaka 1922 Francis Herrick wa Cleveland, Marekani, aliandika jinsi alivyompeleka paka mwenye watoto umbali wa maili 1 hadi 4 kutoka walipo watoto wake, na mara kwa mara mama huyo akarudi. Mwaka 1954 Wajerumani wawili, Precht na Lindenlaub, walikwenda hatua moja zaidi. Waliwafunika paka wasione njia, wakawaweka katikati ya kizimba chenye vichochoro vingi vya kutokea kila upande, wakaona kwamba paka wengi walichagua kichochoro kilichoelekea kwao, hasa walipokuwa hawajapelekwa mbali sana. Na kuna kisa cha paka wa Florida aliyeitwa Holly. Mwishoni mwa mwaka 2012 alipotea safarini akiwa na wenyewe, akatokea tena kwenye mji wake baada ya miezi miwili hivi, amekwenda kilometa zipatazo 320, amekonda na kucha zimesagika. Alitambuliwa kwa kichipu kilichopandikizwa chini ya ngozi. Holly ni wa nadra. Kwa kila mmoja kama yeye wapo wengi wasiofika.

Kwa hiyo ile desturi ya kumfunika paka uso asiione njia, au kumzungusha ili apoteze mwelekeo, haina nguvu ambayo watu wanaipa. Paka wa Precht na Lindenlaub walifunikwa na bado walielekea kwao.

Cha kuzingatia hapa ni kwamba hatari kubwa iko kwenye kuhama karibu. Anayetoka Nyankumbu kwenda Kalangalala, ndani ya mji uleule wa Geita, anampeleka paka mahali ambapo sauti, milio ya magari na pengine harufu za upepo bado zinamwambia kwao ni wapi. Akifunguliwa siku ya pili atarudi, na njiani iko barabara kuu yenye malori na mabasi. Anayetoka Mbogwe kwenda Shinyanga mjini ana shida tofauti: paka hatafika alikotoka, atapotelea katikati. Dawa ya wote wawili ni moja, nayo ni kumfungia ndani mpaka mahali papya pawe pake. Wiki 2 ni chache. Wiki 4 ni salama zaidi, na aliyehama mtaa wa pili asipunguze hata siku moja.

Pawe pake kwa njia gani? Kwa pua.

Mwaka 2023 Kai Zhao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walitengeneza kwenye kompyuta mfano wa pua ya paka, wakafuatilia mkondo wa hewa unavyopita. Waliona njia zilizojikunja na kujirudia, zinazoigawa hewa katika mikondo sambamba, kiasi kwamba pua hiyo inaweza kuwa bora katika kunasa harufu zaidi ya mara 100 kuliko bomba lililonyooka linaloenea kwenye fuvu la ukubwa uleule. Haitoshi, juu ya kaakaa paka ana kiungo kingine, kiungo cha Jacobson, kinachosoma kemikali ambazo sisi hatuzihisi kabisa. Ukimwona amenusa kitu kisha akaachama mdomo nusu kama mtu aliyeshangaa, anazipeleka huko. Na mwaka 2025 watafiti wa Tokyo waliwapa paka 30 vipande vya pamba vilivyopakwa harufu ya mtu anayewafuga na ya mtu wasiyemjua. Walinusa cha mgeni kwa muda mrefu zaidi. Harufu ya wa kwao hawakuhitaji kuichunguza.

Tena paka haishii kusoma harufu, anaiandika. Mashavuni, kidevuni na kwenye paji la uso ana tezi zinazotoa kemikali ziitwazo feromoni. Daktari wa mifugo wa Ufaransa, Patrick Pageat, alizichambua na kuzigawa katika mafungu 5, akaonyesha kwamba fungu mojawapo paka hulipaka kwenye vitu vya mahali anapojisikia salama. Ndiyo kazi anayoifanya anaposugua shavu kwenye mguu wa kiti, kwenye kona ya ukuta, kwenye goti lako. Miezi yote mliyoishi katika nyumba ile ya zamani amekuwa akiipaka rangi isiyoonekana, kwa urefu wa kichwa chake.

Sasa tazama sisi tunavyohama. Tunafua kila kitu. Tunapiga deki kwa dawa, tunapaka chokaa au rangi mpya, tunatupa lile gunia chakavu alilokuwa akilalia kwa sababu linatia aibu mbele ya majirani wapya. Halafu tunamtoa paka kwenye boksi na kushangaa kwamba ametambaa tumbo chini hadi uvunguni, hatoki siku 3. Amewekwa mahali pasipo na alama yake hata moja. Hapa lile swali la kambini linapata jibu. Mabati yaliyong'olewa hayakuwa nyumba ya paka. Gunia lilikuwa nyumba ya paka zaidi ya mabati. Gunia hilo, kanga kuukuu, kipande cha mkeka, visifuliwe. Vitangulie kufika na viwekwe chini kabla yeye hajafunguliwa. Chukua pia kitambaa safi cha pamba, msugue taratibu mashavuni siku chache kabla ya safari, kisha ukipitishe kwenye miimo ya milango na miguu ya kitanda cha nyumba mpya, pale kichwa chake kinapofikia. Feromoni za dukani zipo na utafiti juu yake umetoa majibu yanayotofautiana. Kitambaa hakigharimu kitu.

Huo uvungu nao usiuonee hasira. Mwaka 2014 Claudia Vinke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichukua paka 19 waliokuwa wamefika karibuni kwenye kituo cha wanyama. Kumi walipewa boksi la kujifichia, 9 hawakupewa. Katika siku za mwanzo wenye maboksi walituliza hofu mapema kuliko wenzao. Kujificha ni njia ya paka ya kuishusha hofu mwenyewe, na anayemvuta kwa mguu ili azoee anamrudisha mwanzo. Boksi la biskuti au la sabuni, lililolazwa ubavuni, lenye kanga yake ndani, linatosha kabisa. Mwenye nyumba ya vyumba vingi amweke katika kimoja, na chakula, maji na beseni la mchanga humohumo. Mwenye chumba kimoja cha kupanga ampe kona moja na aiheshimu. Watoto waambiwe kwamba pale hapaguswi.

Mambo mawili yasisubiri hata kidogo. Paka aliyekataa kula kabisa kwa siku 2 au 3, hasa aliyekuwa mnene, anaweza kupata madhara ya ini, kwa sababu mwili unakimbilia mafuta yake kwa wingi na ini linaelemewa. Na paka dume anayechuchumaa mara nyingi, akilia, mkojo usitoke au utoke matone, huenda njia imeziba. Tony Buffington wa Ohio alitumia miaka mingi akionyesha jinsi hofu na mabadiliko ya makazi yanavyochochea ugonjwa wa kibofu kwa paka. Dume aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Vipi kuhusu watu? Mwaka 2019 Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon waliwapima paka kwa jaribio ambalo kwa miaka mingi limetumika kwa watoto wachanga wa binadamu: mtoto na mlezi wanaingia chumba kigeni, mlezi anatoka, kisha anarudi. Aliyeshikamana vizuri na mlezi hutulia anapomwona tena na kuendelea kuchunguza mazingira. Miongoni mwa paka wadogo walioweza kupangwa katika makundi, asilimia 64 walifanya hivyo, kiwango kinachokaribiana na cha watoto wachanga. Hapa ndipo ile imani ya paka wa nyumba inapopungukiwa. Katika chumba asichokijua, mtu anayemjua ni sehemu ya usalama wake. Kaa naye chini jioni za mwanzo. Ongea kwa sauti uliyozoea kuongea nayo. Mlishe kwa bakuli lake la zamani, saa zilezile.

Safari yenyewe nitaisema kwa ufupi. Tusimtie paka kwenye kiroba. Mifuko hiyo ya nailoni haipitishi hewa vizuri, na paka hana jasho la kumtosha: hutoa jasho kidogo nyayoni, na kwa sehemu kubwa hujipoza kwa kulamba manyoya ili mate yakauke juu ya mwili. Ndani ya kiroba, juu ya Fuso, saa 7 mchana kati ya Tinde na Isaka, hawezi kujilamba wala kupumua. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa yuko hatarini. Tenga la kuku lililofungwa vizuri na kufunikwa kanga nyepesi linafaa, liwe mbele kwa dereva, safari ianze alfajiri. Kabla ya hapo afisa mifugo wa kata ampe chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa unaompata paka pia na ambao mtu akishaonyesha dalili zake karibu haponi kamwe.

Nyumba mnayohamia nayo inahitaji kukaguliwa, na katika ukanda huu ukaguzi wake si wa nyufa na choo pekee. Katika vijiji vya wachimbaji wadogo mawe husagwa kwenye karasha, huoshwa kwenye mialo, na mchanga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki inayoidaka dhahabu na kufanya donge. Donge huchomwa, zebaki inakuwa mvuke, dhahabu inabaki. Wapo waliochomea ndani, jikoni au chumbani, kwa sababu ya siri na wezi. Mvuke ule ukipoa hurudi kuwa zebaki: kwenye kuta, chini ya mabati, kwenye vumbi la sakafu. Mpangaji mpya anakabidhiwa ufunguo bila kuambiwa lolote.

Paka analikusanya vumbi hilo kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Analala sakafuni, anapita nyuma ya masanduku, na kila kinachonasa kwenye manyoya anakilamba, saa nyingi kwa siku. Mwaka 2007 Janice Dye na wenzake wa taasisi ya mazingira ya Marekani walipima damu ya paka wa majumbani, wakatafuta kemikali za kuzuia moto zilizokuwa zikiwekwa kwenye magodoro na vyombo vya umeme. Walikuta kiwango kilichokuwa mara 20 hadi 100 ya kile cha kawaida kwa watu wazima wa nchi hiyo. Njia iliyoshukiwa ilikuwa chakula na vumbi lililolambwa. Na nani mwingine nyumbani anakaa sakafuni na kutia mikono mdomoni? Mtoto anayetambaa.

Dunia ilishaonyeshwa jambo hili na paka, kwa uchungu mkubwa. Katika mji wa Minamata, Japani, miaka ya 1950, paka wa wavuvi walianza kuyumba, kuzunguka kama wendawazimu na kutumbukia baharini. Mei 1956 ugonjwa uleule ulitangazwa rasmi kwa watu, watoto wakiwa miongoni mwa wa kwanza. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, na paka walikula samaki hao. Daktari wa kiwanda hicho, Hajime Hosokawa, alimlisha paka aliyepewa namba 400 chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda. Oktoba 1959 akaugua vilevile. Matokeo yalifichwa, na serikali ikakiri chanzo mwaka 1968. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unabeba jina la mji huo, nao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Huku kwetu, mwaka 2003 mradi wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda ulipima afya za watu wa Rwamagasa, wilaya ya Geita, na waliokuwa wakichoma dhahabu walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi. Nako Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mawe ya dhahabu yenye madini ya risasi yalisagwa ndani ya nyua za watu, na zaidi ya watoto 400 walifariki kwa vumbi lake.

Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa kodi. Muulize mwenye nyumba na, zaidi yake, majirani: je, hapa palichomwa dhahabu? Uani palisagwa mawe? Mchanga huu mwekundu uliosawazishwa mlangoni ni marudio, yaani mabaki ya mchanga uliooshwa, kutoka mwaloni? Ikiwa ndiyo, tafuta nyumba nyingine ikiwezekana. Isipowezekana, usifagie kukavu, maana ufagio hurusha vumbi, na matone ya zebaki huyapasua yakawa madogo zaidi na kutoa mvuke kwa wingi. Futa kwa kitambaa chenye maji, kuta hadi darini, mara kadhaa. Zebaki inayoonekana iokotwe kwa karatasi ngumu, itiwe kwenye chupa yenye maji na kufungwa, na maofisa wa mazingira wa halmashauri wajulishwe. Na paka wenu, popote mnapoishi katika ukanda huu, akianza kuyumba au kutetemeka bila kuumia, mtazameni mtoto pia na muende hospitali na maelezo ya mahali mnapoishi.

Sumu ya panya iliyoachwa na mpangaji aliyetangulia itafutwe kwenye pembe zote. Panya aliyeila hachelewi kuwa mlo wa paka, na aina nyingi za sumu hizo huzuia damu isigande hata ndani ya mwili wa aliyemla panya.

Panya wenyewe watakuwapo, hasa kwa anayehifadhi mpunga wa Kahama au mahindi ndani. Mwaka 2017 Themb'alilahlwa Mahlaba na wenzake walichapisha utafiti wa maboma ya vijijini Eswatini. Waliweka chakula cha panya na kupima kiasi kilicholiwa. Kwenye boma lenye paka pekee, au mbwa pekee, tofauti haikuwa kubwa. Palipokuwa na paka na mbwa pamoja, panya walikula kidogo zaidi, kwa kuwa walijisikia kuzungukwa na hatari. Anayehama na wote wawili ana ulinzi ambao anayempakia mbwa na kumwacha paka ameupoteza.

Liko jambo moja la huku ambalo vitabu vya nje havilisemi. Katika mikoa hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi yametokana na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Paka mgeni, hasa mweusi, anayelia usiku kwenye paa la bibi aliyehamia juzi, anaweza kuleta maneno mabaya kwa bibi huyo. Macho yanayowaka gizani yana maelezo: nyuma ya macho ya paka kuna utando unaorudisha mwanga mara ya pili ili aone vizuri usiku, kama ilivyo kwa ng'ombe na mbuzi unaowamulika tochi zizini. Kilio cha usiku mara nyingi ni cha kutafuta mwenza. Wajulishe majirani mapema kwamba una paka, ana rangi gani, anaitwa nani. Waruhusu watoto wao wamwone. Kufanya hivyo kunamlinda paka, na kunaweza kumlinda bibi.

Siku ya kumfungulia ikifika, mfungulie jioni kabla hajala, wewe ukiwa mlangoni, kwa muda mfupi, kisha umwite chakulani. Rudia siku zinazofuata, ukiongeza muda kidogo kidogo.

Akitoweka, usikimbilie kusema amekwenda zake. Liyan Huang na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2018 uliohusu paka 1,210 waliopotea, waliona kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya meta 500 kutoka walipotokea, na kwamba kumtafuta kwa miguu kuliongeza nafasi ya kumpata akiwa hai. Toka usiku wa manane magari yakiisha. Mulika tochi uvunguni mwa maghala, kwenye mitaro, chini ya magari mabovu, juu ya kuta za jirani, ukiita kwa sauti ya kawaida na kutikisa bakuli lake. Rudi kesho yake, na keshokutwa. Kama mlihama karibu, nenda pia mlikotoka, na kabla ya kuhama uwe umemwachia jirani wa huko namba yako ya simu.